Si Kila Mti Mchungu Ni Mwarobaini

Mwezi huu tuache sufuria kidogo, tutoke nje tukasimame chini ya mti.

Mama mmoja aliyehamia hapa Kasulu pamoja na mume wake na watoto, akitokea Kigoma mjini, ameuliza swali ambalo nimeona linatufaa sote. Anasema: "Kule ziwani tulikuwa na mwarobaini uani, na mti huo naujua. Hapa tulipopanga pana mti mzuri wa kivuli ambao majirani wanauita mwarobaini pia. Majani yake ni machungu vilevile. Lakini maua yake yana rangi ya zambarau, na matunda yake ya manjano watoto wanayaokota na kuyatunga kama shanga. Je, mtoto akishikwa na homa naweza kumchemshia majani yake kama nilivyozoea?"

Jibu ni fupi: hapana, mama, usimchemshie. Mti wenye maua ya zambarau si mwarobaini. Ni ndugu yake wa ukoo mmoja, ambaye wataalamu wa mimea humwita Melia azedarach. Katika ukurasa huu tutauita mmelia. Matunda yake yana sumu inayoweza kumdhuru mtoto hata kumuua, na nguruwe vilevile. Kwa hiyo kuujua mti huu si jambo la kujifurahisha tu, bali ni ulinzi wa nyumba.

KWA NINI TUNAICHANGANYA

Usimcheke jirani anayekosea. Miti hii miwili imewachanganya hata wasomi wakubwa. Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus, aliyeweka msingi wa kuipa mimea majina ya kitaalamu, aliiweka yote miwili chini ya jina moja la Melia. Ilichukua miaka mingi hadi mwaka 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini na kuupa jina lake, Azadirachta indica. Hata hivyo majina yenyewe, azadirachta na azedarach, yanatokana na maneno yaleyale ya Kiajemi yenye maana ya mti bora.

Yote miwili ni miti ya Asia iliyoletwa kwetu na watu. Yote ina majani machungu. Yote hutoa matunda madogo ya manjano na kivuli kizuri. Lakini haipendi mahali pamoja. Mwarobaini hupenda joto la nchi za chini, ndiyo maana unaukuta kwa wingi pwani, Dodoma, Tabora na ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako maji yenyewe yako kiasi cha mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Kasulu tuko zaidi ya mita 1,200, na asubuhi za Juni na Julai tunazijua kwa baridi yake. Mwarobaini unaweza kuota huku, lakini haushamiri kama kule chini. Mmelia haujali baridi hiyo. Kwa hiyo hupandwa kupamba viwanja vya shule, makanisa, ofisi na nyumba katika nchi za juu, na watu wanaoukumbuka mwarobaini wa kwao huupa mgeni jina la yule wa zamani.

Basi tujifunze kuutazama mti. Hatuhitaji kitabu wala chombo chochote, macho na mikono inatosha.

ALAMA YA KWANZA: JANI

Wanawake wengi wanapotaka kulitazama jani huchuma kipande kidogo cha mwisho. Hapo ndipo kosa linapoanzia, maana kipande cha jani la mmelia kinafanana sana na jani zima la mwarobaini. Chuma jani zima. Utalijuaje jani zima? Fuata kikonyo chake kurudi nyuma mpaka kinaposhikana na tawi la mti. Pale penye jani zima utaona kichipukizi kidogo kati ya kikonyo na tawi. Kama huoni kichipukizi, bado umeshika kipande tu, endelea kurudi nyuma.

Ukishalipata, lilaze juu ya meza au ungo. Jani la mwarobaini ni kama unyoya wa kuku: uti mmoja katikati, na vijani vimepangwa huku na huku. Basi, limekwisha. Vijani vyake ni virefu, vimepinda kama mundu, na kingo zake zina meno kama msumeno. Upande mmoja wa kijani, pale chini, ni mpana kuliko mwingine. Mara nyingi kile kijani cha mwisho kabisa kwenye ncha hakipo.

Jani la mmelia ni unyoya wenye manyoya. Uti mkubwa unatoa matawi kushoto na kulia, na kila tawi nalo lina vijani vyake, na kwenye ncha kuna kijani kimoja kinachofunga safu. Vijani navyo vina meno, lakini ni vifupi na vipana zaidi, havikupinda kama mundu. Jani zima laweza kuwa na urefu kama wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Kumbuka hivi: mwarobaini hugawanyika mara moja, mmelia hugawanyika mara mbili. Hata kama utasahau mengine yote ya ukurasa huu, shika hilo.

ALAMA YA PILI: UA

Mwarobaini huchanua maua madogo sana, meupe, yenye harufu kama ya asali. Ukiwa mbali huyaoni vizuri, unayasikia puani kwanza.

Maua ya mmelia nayo yananukia vizuri, ila ni makubwa kidogo na yana rangi mbili. Petali zake tano ni za zambarau hafifu, karibu na nyeupe. Katikati yake husimama mrija mwembamba wa zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Hakuna ua la mwarobaini lenye mrija wa namna hiyo.

Hapa niwatahadharishe kuhusu mti wa tatu. Mjakaranda nao una maua ya zambarau, na majani yake pia hugawanyika mara mbili. Lakini vijani vya mjakaranda ni vidogo mno, jani zima linaonekana laini kama manyoya. Ua lake ni kubwa, limefanana na tarumbeta, na likianguka hufanya zulia chini. Tunda lake ni kavu, bapa na gumu, likipasuka hutoa mbegu nyepesi zinazopeperuka. Mjakaranda hauna tunda la nyama la manjano hata siku moja.

ALAMA YA TATU: TUNDA NA KOKWA

Neno la kuutambua mti kwa matunda yake tumelisikia kanisani tangu utotoni. Katika jambo hili ni kweli kwa maana ya kawaida kabisa.

Tunda la mwarobaini lina umbo la yai dogo, refu kidogo kuliko upana wake. Likiiva huwa la manjano, ngozi yake ni nyembamba na nyama yake ni laini yenye utamu kidogo. Ukilibinya, inatoka mbegu moja yenye ganda jembamba ambalo unaweza kulivunja kwa kucha au kwa meno.

Tunda la mmelia ni la mviringo kama gololi ndogo, upana wake sentimita moja hadi moja na nusu. Huning'inia kwa vishada, kila tunda na kikonyo chake kirefu. Likiiva huwa la manjano, kisha hukunjamana. Ukiondoa nyama unakuta kokwa ngumu kama mfupa, yenye mifereji tano au sita kuizunguka, na katikati ina tundu la asili. Hiyo kokwa huwezi kuivunja kwa kucha.

Kwa sababu ya tundu hilo watu wa Asia na wa kusini mwa Ulaya walizitunga kokwa hizo kuwa shanga na rozari tangu zamani. Ni kitu kizuri, lakini fikiria jinsi mtoto anavyoitengeneza shanga hiyo. Nani atamtafutia maji ya kuoshea nyama ya tunda? Atalitia mdomoni, alinyonye mpaka kokwa ibaki safi. Hapo ndipo hatari ilipo.

ALAMA YA NNE: MTI WAKATI WA KIANGAZI

Tembea Kasulu mwezi wa Julai au Agosti, mvua zikiwa zimekatika. Mwarobaini kwa kawaida huwa bado una majani. Mmelia hupukutisha majani ukabaki matawi matupu, lakini vishada vya matunda ya manjano vinabaki juu vikining'inia kama mapambo. Ukiuona mti mtupu wenye shanga za manjano, huna haja ya kuuliza tena.

Tabia hiyo ndiyo inayoupa mti uzuri wake, na ndiyo inayowavuta watoto. Msimu ambao matunda mengine ni haba, haya yapo, tena yanang'aa. Na mtoto huona ndege wakiyala bila kudhurika, akajiambia: ndege anakula, kwa nini mimi nisile? Mfundishe kwamba tumbo la ndege si tumbo la mtu. Ndege huyala, hutawanya kokwa, na miche huota hata mahali ambapo hakuna aliyeipanda.

SUMU YAKE INAFANYA NINI

Sumu kubwa ya mmelia imo katika matunda. Wataalamu huziita sumu hizo meliatoksini. Kiasi chake hakilingani katika kila mti. Huu waweza kuwa na kidogo, na ule wa jirani ukawa na nyingi. Kwa hiyo usikubali hoja ya kwamba "mtoto wa fulani alikula hakupatwa na kitu." Yeye alikula ya mti wake.

Dalili zaweza kuja baada ya saa kadhaa. Mtoto hutapika, huumwa tumbo, huharisha, wakati mwingine kwa damu. Kisha hulegea, huyumba akitembea, na hali ikiwa mbaya hupata degedege na kupumua kwa shida.

Kwa wanaofuga nguruwe, matunda yenye uzito wa nusu ya moja kwa mia ya uzito wa mnyama yanatosha kumdhuru. Kwa nguruwe wa kilo 50 hiyo ni robo kilo tu. Robo kilo ya matunda yaliyoanguka nguruwe huimaliza wakati wewe unachota maji. Usijenge banda chini ya mti huu.

Kama mtoto amekula matunda hayo, fanya hivi:

1. Mtoe mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji safi.
2. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe maji ya chumvi, wala mafuta ya mawese, wala dawa nyingine ya kienyeji.
3. Chuma tawi lenye jani zima na matunda, ulichukue. Jaribu kujua alikula mangapi na saa ngapi.
4. Mpeleke zahanati, kituo cha afya au hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Usingoje dalili.
5. Akiwa amepoteza fahamu au ana degedege, mlaze ubavu na usimpe kitu chochote mdomoni.

Lile tawi ndilo litakalomsaidia mganga. Ukimwambia "amekula mwarobaini" ilhali ni mmelia, umempoteza njia kabla hajaanza kazi.

NA MWAROBAINI WENYEWE JE?

Hapa naomba tusikilizane kwa upole, maana najua tumeulelewa mti huu. Jina lake linatokana na arobaini, kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Nasi wa mkoa wa Kigoma tuna sababu ya kutafuta dawa karibu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliwakuta na vimelea watoto 24 hivi kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano katika mkoa wetu, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 7 kati ya 100. Mama wa Kasulu akiamka usiku na kumgusa mtoto paji la uso, hofu yake si ya bure.

Lakini kwa sababu hiyohiyo homa ya mtoto si ya kuchezea kwa majani. Malaria ya mtoto mdogo yaweza kupanda kichwani kwa siku moja au mbili. Siku aliyokaa nyumbani akinywa maji machungu ni siku aliyokosa dawa. Kipimo cha tone la damu kinatoa jibu kwa dakika chache, na dawa mseto imekuwa ikitolewa nchini tangu mwishoni mwa mwaka 2006.

Tena mwarobaini wa kweli nao una mipaka yake. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini, wakapata kutapika, usingizi mzito na degedege, na wengine kupoteza maisha. Usimpe mtoto mafuta hayo kwa mdomo kamwe. Na mama mjamzito, au anayetafuta mimba, asinywe dawa za mwarobaini, kwa kuwa zinaweza kuharibu mimba.

TUUKATE?

Mama aliyeuliza huenda sasa ametazama panga. Ngoja kwanza. Mmelia una faida zake. Hukua upesi, hutoa kivuli, mbao zake hutengeneza samani nzuri, na huo ni mti mmoja uliosimama katika nchi ambayo kuni zinazidi kuwa mbali. Kuukata ni haki yako ukiwa na watoto wadogo na mti uko mlangoni kabisa. Lakini ukiwa pembeni, unaweza kukaa nao kwa utaratibu.

Kata vishada vya matunda yakingali mabichi, kwa panga lililofungwa kwenye mti mrefu. Fagia yaliyoanguka kila asubuhi, uyafukie shimoni, usiyatupe penye nguruwe. Ng'oa miche inayojiotea. Watoto wasiyatumie matunda hayo kwa manati wala kupikia vyungu vyao vya michezo. Na waambie jina la mti. Mtoto anayejua jina na sababu husikia kuliko anayeambiwa "usiguse" tu.

Kama unapanda mti mpya karibu na jiko, chagua mparachichi au mwembe, ambao kivuli chake kinakuja na chakula. Na kama unataka mwarobaini wa kweli, kuwa mwangalifu kwenye kitalu. Miche midogo sana huwadanganya hata wazoefu, kwa sababu majani yake ya kwanza bado hayajachukua umbo lake kamili. Omba uonyeshwe mbegu iliyopandwa. Kokwa ngumu yenye mifereji ni mmelia. Uliza pia mbegu ilikaa muda gani kabla ya kupandwa. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai baada ya wiki chache tu. Muuzaji akisema mbegu zake zilikaa ghalani mwaka mzima na bado zikaota vizuri, basi ameota mti mwingine.

KWA UFUPI

Mwarobaini: jani limegawanyika mara moja, vijani vimepinda kama mundu, ua dogo jeupe, tunda umbo la yai, mbegu moja, ganda jembamba, kiangazi una majani.

Mmelia: jani limegawanyika mara mbili, vijani vifupi, ua la zambarau lenye mrija mweusi katikati, tunda la mviringo, kokwa ngumu yenye mifereji na tundu, kiangazi mti mtupu wenye vishada vya manjano.

Kata kipande hiki, kibandike nyuma ya mlango wa jiko. Jumamosi moja, kazi zikipungua, waite watoto na mwende pamoja uani, kisha shuleni kwao na uwanja wa kanisa. Kila mmoja achume jani zima, alilaze chini, ahesabu limegawanyika mara ngapi. Baadaye wanawe mikono. Na katika kikao chenu cha akina mama, anayeuliza jina la mti asionekane mjinga. Kuuliza kumeokoa watoto wengi kuliko kukisia.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.